Kishikwambi Kimebaki Stendi

Jumapili, usiku

Miguu inaniuma, na kosa lenyewe ni la mapenzi.

Nilipoagiza kile kishikwambi cha punguzo mtandaoni, kwenye jina la mpokeaji niliandika Neema Kasonso. Ndoa bado mbichi, nani angekumbuka jina la baba? Nililisoma lile jina kwenye simu nikatabasamu peke yangu kama chizi.

Leo mzigo umefika na basi. Karani wa vifurushi akatazama kitambulisho changu, akatazama boksi.

"Dada, Kasonso ni nani? Wewe hapa ni Neema Maganga."

"Ni mimi huyo huyo, nimeolewa!"

"Hongera. Lete cheti cha ndoa."

Nikapanda bodaboda hadi nyumbani Kakese kukifuata. Niliporudi stendi, ofisi imefungwa.

Na Elia wangu anaondoka alfajiri, anarudi Mwese kufundisha. Nilitaka aondoke na kishikwambi, nimwekee picha zetu zote za harusi, maana kule mtandao ni mpaka upande kilima. Sasa anaondoka mikono mitupu.

Nikamwambia nitampigia muuzaji abadilishe jina. Akanishika mkono.

"Usibadilishe, mke wangu. Waache walizoee."

Jamani, huyu mwanaume! Nimechoka hata kulia siwezi, lakini nampenda.

Kesho nitasimama tena pale dirishani na cheti changu, nikimthibitishia karani kwamba nina mume, wakati mume mwenyewe yuko njiani, ananiacha.