Nilipaka Mafuta ya Korosho kwenye Breki za Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika. Mume wangu, baba Nuru, alinunua diski mpya za breki kwa rafiki yake Ismaili, muuza spea hapa Rahaleo, gari likalala nje usiku mmoja tu na asubuhi diski zimeota kutu nyekundu, nikajua kauziwa feki, nikamwonea huruma, nikachukua mafuta meusi ya maganda ya korosho ambayo kwetu Nanyamba tunapaka nguzo zisiliwe na mchwa, nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikapitisha kwenye matundu ya rimu na kuzipaka mpaka zikameta, vidole vikanibabuka, nikamdanganya kwamba nilikuwa nabangua korosho. Mungu wangu! Siku hiyohiyo tunateremka kilima na mama mkwe, baba Nuru akapiga kelele, "Mama Nuru, breki hakuna!" Tukaishia kwenye mihogo ya watu, mama mkwe kavunjika mkono. Sasa baba Nuru anamwita Ismaili muuaji, na amerudishia diski za zamani zilizokwisha kabisa, anasema, "Bora hizi, zilikuja na gari." Jumamosi tunapeleka watoto Kitaya, mdogo wangu anachezwa unyago. Nikisema ataniacha. Nifanyeje?
Sharifa, Rahaleo

Sharifa, nimeisoma barua yako nikasimama wima. Mafuta? Kwenye breki? Pole kwa mkweo, na najua ulifanya kwa mapenzi, lakini mapenzi hayasimamishi gari. Diski yoyote ikilala pwani huota kutu, na ukikanyaga breki mara chache inafutika. Ismaili hana kosa, nawe umemwacha aitwe muuaji! Unaogopa talaka, huogopi kupandisha watoto kwenye diski zilizokwisha?

Mwambie leo. Akibisha, mwonyeshe vidole. Gari lisitoke. Fundi azioshe diski za Ismaili vizuri na azikague, na pedi za breki zilizonywa mafuta zitupwe. Kama diski ziliharibika, mnunue nyingine zenye kipimo cha gari lenu na unene unaotakiwa. Msichague kwa mng'aro wala kwa kuwa zilikuja na gari. Mkanunue kwa Ismaili, na wewe ndiye utangulie kuomba radhi.

Baba Nuru atafoka, tena ana haki. Mwache afoke, watoto wakiwa wazima ndani. Leo ni Ijumaa, Sharifa. Kunja gazeti, umwite.