Mukono Wangu wa Kushoto

Hubert mwanangu, na wewe Colette muke wake,

Sombe iko mu chungu, muifunike. Kuku musimuchinje ~~mupaka nirudi~~ hapana, mumuchinje leo! Nimeenda Goma na kamio ya Papa Barthélemy, kwa watu wa asiransi, wale wa bima ya gari.

Hubert, asubui umesoma barua yao, ukanuna, ukaenda shamba bila kunywa chai. Eti ajali ya kule Bweremana ni kosa yako, na patron wa kazi yako hatakupa tena gari, juu shahidi alisema ulipita kushoto, na huku kwetu gari inapita kuume. Mutoto wangu, ule shahidi njo miye! Niliwaambia: "Gari yake ilikuwa ku mukono wangu wa kushoto." Nao wakaandika "kushoto," bila kuuliza nilisimama wapi. Nilikuwa mbele yako pale kwenye kona, tunaangaliana uso kwa uso!

Nimecheka peke yangu mupaka machozi. Karani nitamutegea kitendawili: "Wangu wa kushoto, wako wa kuume, na upande ni mumoja." Akishindwa, nitamusimamisha mbele yangu tunyooshe mikono, kisha aandike upya.

Paja la kuku mumuwekee shahidi.

Mama yako, nyanya ya watoto