Sakafu ya Moto ya Bwana Kwon

Jumanne, 5 Machi
Kochi limeondoka! Wabebaji wamelishusha kwa ngazi, orofa zote tano, maana jengo letu halina lifti. Baba Boram alikuwa anaoga. Alipotoka akasimama sebuleni, taulo begani. "Mama Boram, tumeibiwa?" Nikamwambia limekwenda kwa dada yangu.

Tangu astaafu kuendesha basi, yeye na sebule ni pete na kidole. Mwaka jana, siku ya kusafisha makaburi, kilima kilimshinda nusu njia. Nikapanda peke yangu hadi kaburini, na kinywaji cha kumtolea marehemu mama yake. Yeye akabaki garini, analia. Mwaka huu, tarehe tano Aprili, atafika. Lazima!

Jumatano, 6 Machi
Mjinga mimi! Miaka yote hiyo, nani amewahi kulikalia lile kochi? Sote tunaketi sakafuni na kuliegemea. Sasa anaegemea ukuta. Sakafu ina moto wake chini, mabomba ya maji ya moto, kajilaza kama samaki anayekaushwa, rimoti kifuani. Eti hata mgongo umepona!

Jumamosi, 9 Machi
Nimezima moto wa sakafu. Nimesema mtambo umeharibika. Kavaa makoti mawili, kanuna. Saa nne akatoka, mlango ukabamizwa.

Baadaye — yuko kwa jirani yetu Bwana Kwon, orofa ya chini kabisa, kajilaza kwenye sakafu yao! Nilitaka kulia. Kisha... ngoja. Kasahau miwani, akapanda kuifuata. Akashuka. Akapanda kula. Akashuka tena! Orofa tano!

Jumapili, 17 Machi
Safari sita leo! Nimevuta mto mlangoni, nimekaa, nasikiliza hatua zake. Wiki iliyopita alipumzika kila orofa. Leo mara moja tu!

Mke wa Bwana Kwon kapiga simu. Eti mumeo anatumalizia karanga, huo mtambo wenu unatengenezwa lini? Nikamwomba avumilie hadi Aprili. Nikampa Baba Boram ndoo ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, awapelekee. Nzito, lakini kabeba! Sokoni pia siku hizi namtuma yeye. Mimi sibanduki mlangoni.

Ijumaa, 5 Aprili
Naandika nikiwa juu ya jiwe, katikati ya kilima. Hapa hapa alipokwama mwaka jana.

Nimepumzika mara ya tatu. Magoti yangu! Mwezi mzima yeye na ngazi, mimi na mto. Alitangulia na mundu begani, nikamwambia nenda, nakuja. Nikasubiri. Nikatega sikio.

Kisha sauti, kutoka juu kabisa: "Mama Boram! Mama anauliza mkwe wake yuko wapi!"

Amefika! Amefika, na anayelia sasa ni mimi. Kinywaji cha marehemu kimo kikapuni mwangu. Nimejaribu kusimama, nikarudi chini pu!

Anaita tena: "Huo mtambo utapona leo, au tuuache mpaka na wewe uzoee ngazi?"

Kumbe alijua! Tangu lini? Namsikia anashuka kunifuata, anacheka, na mimi bado sijaweza kuinu—