Guta la Wajawazito wa Kitanga

Jumatatu, 4 Machi

Nimeosha guta, pikipiki yangu ya mizigo ya magurudumu matatu. Godoro nimelianika, limeanza kuota ukungu. Nestori, dereva wangu, amejaza upepo tairi la nyuma huku akinung'unika kama kawaida yake. Kesho anapeleka maharage ya watu sokoni Kasulu. Jumanne tu ndiyo siku ya mzigo, na nauli yake hununua mafuta. Siku nyingine guta linakaa hapa Kitanga kuwapeleka wajawazito kituo cha afya bure. Niliamua hivyo nilipostaafu unesi. Najisikia mtu wa maana, kusema kweli.

Jumatano, 6 Machi

Mwenye maharage anataka guta Ijumaa pia. Nimekubali. Mafuta yamepungua. Esperansi amekaribia kujifungua, lakini kwa hesabu yangu bado. Mume wake yuko Mabamba kwenye biashara. Esperansi amebaki na mama mkwe tu.

Jioni nimepita kwa Mzee Yonasi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha machela, wale waliobeba wagonjwa mabegani. Miti ya machela ameijengea banda la mbuzi. Anasema tangu nilete guta hakuna aliyewaita, nao wameacha kukutana. Ametania kwamba mabega yao yamestaafu kama mimi. Nikacheka. Sasa nimekaa hapa sioni cha kuchekesha.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua tangu alfajiri. Guta limeondoka na magunia. Sina raha.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike tu.

Jana saa sita mama mkwe wa Esperansi alikuja mbio. Damu. Nikampigia Nestori: guta limezama kwenye tope, ng'ambo ya mto uliofurika. Magari yote yamekwama. Niliona aibu. Nimeuza Ijumaa ya huyu binti.

Nilikimbilia kwa Mzee Yonasi. Aling'oa miti ya banda, mbuzi wakatawanyika kwenye viazi vya jirani. Akafungia magunia na blanketi kwenye miti ile, kisha akapaza sauti kuelekea mlimani. Sauti moja ndefu. Ng'ambo ya bonde wakaitikia.

Kumbe kanuni ya zamani haijafa. Machela haipishwi njiani. Ukikutana nayo unaingiza bega, mpaka wenye mlima unaofuata wapokee. Walitoka mashambani na matope magotini. Mwalimu mgeni kutoka Mtwara akaingia chini ya mti wa machela na shati lake jeupe. Vijana wa bodaboda waliacha pikipiki barabarani. Kila kona niliyodhani tumeishiwa watu, wengine walikuwa wamesimama wanasubiri, wamelowa. Mwanamke mmoja akavua kanga yake akamfunika Esperansi, akabaki na gauni kwenye mvua ile.

Hakuna aliyeuliza huyu ni Mha au ni Mrundi, ni mke wa nani, ana kadi gani. Neno lilikuwa moja tu, kila mlima:

"Nipe."

Mimi nilishika mkono wake tu. Miaka yote ya unesi sijaona kitu kama kile. Nililia njia nzima, na sikujali nani ananiona.

Amefanyiwa upasuaji kituoni. Yu hai. Mtoto yu hai, wa kike.

Jumanne, 12 Machi

Guta limerudi jana. Leo halikwenda sokoni. Nimempa Mzee Yonasi funguo. Chama ndicho kitakachoamua siku za mzigo, si mimi.

Nikamuuliza mwanachama aliyeitwa asitokee hufanywa nini. Akaangalia pembeni kidogo.

"Anakata miti ya machela, Nesi. Miti mipya."

Nimekwenda mchana na panga kuikata. Mti mmoja ulinishinda, nikapumzika, nikaurudia. Sasa iko miwili nje ya mlango wangu, bado mibichi. Viganja vimechubuka. Mvua imekatika.