Karabai ya Alhamisi Kuu

Mbinga,
12 Oktoba 1994

Dada Siwema,

Shikamoo. Hali zenu huko Mbuji? Kifua cha mzee Erasmo, mkwe wako, kimepata nafuu, au bado anakohoa hadi alfajiri? Shemeji Dunstan na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia wiki nzima. Mji wenyewe hautulii. Wanunuzi binafsi wa kahawa wameingia na mizani zao, kila mmoja anadai ya mwenzake inaiba, na magazeti siku hizi ni mengi kuliko wasomaji.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo sichani.

Kuna mtafiti amekuja kutoka chuo kikuu, anaitwa Bonifasia, binti wa Njombe, mwembamba na mbishi kuliko sisi sote tuliozaliwa nyumba moja. Anaandika kitabu juu ya kuuawa kwa Bwana Protasi, yule mkimbizi wa siasa wa ng'ambo ya ziwa aliyepanga kijijini kwetu. Zamani nani angethubutu kuuliza? Sasa ng'ambo wamepiga kura, huku kwetu vyama ni vingi, na watu midomo imewafunguka. Kwa vile mimi ni mwalimu na Kinyasa ni lugha yangu, aliniomba nimtafsirie maneno ya wazee. Nilikubali upesi mno. Nilitaka kujua wanasema nini.

Wanasema lile lile unalolijua, kwamba mzee Erasmo ndiye aliyewavusha wauaji kwa mtumbwi wake. Mzee Xaveri, karani mstaafu, amekusanya mashahidi watatu, na anagonga meza akisema watatu wakilingana huo ni ukweli. Bonifasia akamjibu kwamba hao watatu wanalingana hadi neno, na kila alipomwuliza mmoja alimsikia nani, alipelekwa kwa mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ufukweni siku ile. Wamegombana siku nne katika ukumbi wa parokia. Mzee wa watu amefikia kumwita binti mdogo asiye na adabu, naye binti amemwambia umri si ushahidi. Mimi katikati natafsiri, jasho linanitoka.

Juzi Xaveri akaleta silaha yake. Ni nakala ya kaboni ya maelezo aliyoyapiga taipu mwenyewe mwaka 1972, wapelelezi walipokuja. Jina la mtoa maelezo halimo, hata yeye Xaveri hakutajiwa, limeandikwa tu Shahidi wa Kwanza. Anasema kwamba usiku wa Alhamisi Kuu aliiona karabai ya Erasmo ikienda katikati ya ziwa kupokea watu. Bonifasia akaisoma, akanisogezea.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa ziwani," akasema. "Huyu unamwamini?"

Dada, wewe umekulia kule, huhitaji kuelezwa. Wale dagaa wetu wa usipa hufuata taa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa, karabai hubaki ndani na wavuvi hulala. Na Pasaka huja na mwezi mkubwa, mwaka ule tuliona hadi mawe ya ufukweni. Taa ile haikuwepo. Xaveri ni Mmatengo wa mlimani, anajua kahawa tu, wapelelezi walikuwa watu wa bara, nao waliitunza karatasi hiyo bila kumwonyesha mvuvi hata mmoja. Kijijini zilifika habari tu kwamba yupo aliyeona.

Nilimwambia Bonifasia nina kichwa kinauma, nikatoka.

Shahidi wa Kwanza ni mimi.

Jioni ile ya Alhamisi Kuu walikuja wageni wawili. Waliniamkia kwa Kinyasa safi, wakauliza nyumba ya Protasi, wakasema wanamletea habari za mama yake. Nikafanya kama tulivyolelewa, mgeni haelekezwi kwa kidole. Niliwapeleka hadi mlangoni, na mfuko wa mmoja wao niliubeba mimi. Asubuhi Protasi alikutwa amekufa. Wapelelezi walipouliza nani aliwaonyesha njia, niliogopa, dada, niliogopa vibaya. Nilitaja mvuvi wa kwanza aliyenijia kichwani, nikamwekea na karabai, maana kwa watu wa bara mvuvi ni karabai.

Mzee Erasmo alikaa ndani miezi minane. Mtumbwi wake ulipasuliwa kwa shoka. Mlihamia mlimani, na mama mkwe wako alipofariki hakuna mtu wa ziwani aliyekuja kushika jembe la kaburi isipokuwa mimi. Tangu siku hiyo mzee ananiita mwanangu. Baba yetu alisusa ndoa yako kwa ajili ya maneno yangu, nami nikakusindikiza kanisani nikiwa nimevaa suti ya baba. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Leo asubuhi nimempa Bonifasia maelezo mapya. Ameyasoma mara mbili, kisha akasema mtu aliyedanganya mara moja atahitaji shahidi. Ana haki. Kwa hiyo atakuja kwenu Jumamosi kumsikia mzee mwenyewe usiku ule alikuwa wapi, nami nitafuatana naye.

Msomee mzee barua hii kabla hatujafika, umsomee wewe, usimwachie Dunstan. Asiponitaka ndani nitakaa barabarani, Bonifasia ataingia peke yake.

Wasalimie watoto, na shangazi Ida ukimwona kanisani. Maelezo yale sikuyawekea jina, hii naiwekea.

Mdogo wako,
Bernadi Henry Nombo