Cherehani Zangu Si Zawadi

Jumatatu, 4 Machi

Ameachiwa huru! Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, katoka mahakamani anachekacheka kama bwana harusi. Nilimwachia cherehani mbili anitunzie nilipolazwa kwa upasuaji. Moja kaiuza, ya pili ananizungusha tu. Hakimu anasema nini? Eti kuwa nazo alikuwa nazo, lakini haikuthibitishwa kwamba alikabidhiwa kama amana. Huenda nilimpa moja kwa moja. Zawadi! Fundi nigawe cherehani, nibaki na nini? Sindano?

Pale mbele yao sikulia. Nimelia nyumbani, nikanawa uso, nikapika.

Jumanne, 5 Machi

Ulimi wangu ndio umeniponza. Wakili wake aliniuliza nilimwekea shemeji masharti gani. Nikajibu: masharti ya nini, huyu si shemeji yangu? Watu wakacheka. Hakimu akaandika.

Lakini jamani! Nani anamwambia mtu wa nyumbani, “hii ni amana, usiiuze”? Ataona unamtukana. Nilisema tu, “shemeji, nakuachia.” Akajibu, “wala usiwe na shaka.” Mama mkwe alikuwepo, tena karibu kabisa. Mahakamani kasema alikuwa amesinzia. Haya, alale salama.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeenda kwa wakili wa serikali. Mama mmoja mkavu, anatafuna karanga huku anasoma. Kaniambia rufaa ni ya ofisi yake, si yangu, na ni mlima. Mtu akishaachiwa, majaji hawampindui hakimu hivi hivi, mpaka waone kapotoka kabisa. Na maneno mapya hawayataki. Wanasoma yaliyokwisha kusemwa.

Nikamwambia, basi tusome.

Tukasoma. Na shemeji kumbe kajisifu mwenyewe akijitetea! Eti alizifunika turubai, na wanawe akawakataza kuzigusa kwa sababu ni mali ya watu. Mali ya watu! Hakimu kapita juu yake kama hakuyasikia. Wakili kaacha kutafuna. Kasema hapa tuna pa kushika, ila nisishangilie mapema.

Nimeshangilia njia nzima.

Jumatano, 13 Machi

Mteja wa sare za shule kapeleka kazi kwa fundi mwingine. Simlaumu. Imeniuma hata hivyo.

Mama mkwe kapiga simu. Kwamba navunja ukoo, kwamba marehemu anageuka kaburini. Nikamwambia marehemu ndiye aliyeninunulia hizo cherehani, acha ageuke atazame vizuri. Kakata simu. Baadaye nilitaka kumpigia tena, maana yule mama nampenda. Lakini maji nimeshayavulia nguo.

Jumamosi, 16 Machi

Wako sebuleni sasa hivi! Shemeji na mama yake. Kaja na cherehani yangu ile ya pili, kaibeba mwenyewe, jasho linamtoka. Habari za rufaa zimemfikia. Nilipofungua mlango kasema, “Shemeji, nimekurudishia cherehani yako, ulivyoniachia ndivyo ilivyo.”

Ulivyoniachia! Na mahakamani ilikuwa zawadi.

Nikamkaribisha. Anataka nimpigie wakili wa serikali, nimwambie tumeyamaliza wenyewe. Mama mkwe kasema cherehani si hiyo hapo, unataka nini tena? Shemeji kaipakata mapajani. Haiachi mpaka nipige.

Naitaka. Mungu ananiona ninavyoitaka. Kwa cherehani hii wiki ijayo ningekuwa kazini.

Nimewaambia simu iko chumbani. Ndiyo maana niko hapa, naandika harakaharaka. Najua majaji hawapokei maneno mapya. Sijali! Mama mkwe safari hii yuko macho, na mimi nataka asikie.

Ananiita. Simu nimeipata?

Nimeipata, mama. Nakuja nayo, nawawekea spika. Shemeji nitamwomba jambo dogo tu: amwambie wakili yale aliyoniambia mlangoni, vilevile, asipunguze neno.

Nimeshabonyeza. Inaita.