Niliruka Aya Moja, Jirani Yangu Akafa

Shangazi mpendwa, nakuomba unisikilize kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo wakaazi wa barabara yetu hapa mtaa wa Satellite, Nairobi, watakaa kikao na afisa wa mipango kutoka City Hall, na mimi katibu wao nimeagizwa niandike barua ya kutaka afutwe kazi, na kosa si lake, ni langu, na hata mume wangu sijaweza kumwambia.

Naitwa Wangu, ni karani katika ofisi moja mjini, na mtoto wangu ni Norman. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Philister, tumeishi pamoja miaka tisa, tukiombana chumvi na kuachiana watoto, na bwanake Dalmas alikuwa fundi wa mawe, mtu mpole mwenye ugonjwa wa pumu. Barabara yetu ni nyembamba na haina mahali pa kutembea kwa miguu, na madereva wanaokimbia msongamano wa Naivasha Road waliifanya njia ya mkato, wakipita mbio asubuhi na jioni, mpaka mwaka wa 2004 gari likamgonga Ivyne, binti wa Philister, akitoka shule, na hadi leo huyo mtoto anachechemea.

Ndipo tukaanzisha chama cha wakaazi, Mzee Ndungu mwenyekiti na mimi katibu, tukaenda City Hall kuomba barabara ifungwe upande mmoja kwa nguzo tatu, na Shangazi tulienda karibu miaka miwili, leo faili haionekani, kesho mhusika yuko mkutanoni, hadi tulipompata Bwana Mwololo, huyo afisa wa mipango, ambaye alikuja mwenyewe na buti zake za mvua, akasimama pale akihesabu magari tangu alfajiri, akanywa chai nyumbani kwa Philister, akatuambia, "Mtapata ruhusa, lakini mfuate barua yangu neno kwa neno."

Barua ilitoka Februari mwaka huu. Aya ya tatu ilisema nguzo ya katikati isijengwe kwa simiti bali iwe ya chuma, ya kung'oleka, yenye kufuli, na funguo zikae katika nyumba tatu ili ambulensi na gari la zimamoto zisizuiliwe. Siku ya mkutano ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa na watu wamegawanyika, wengine wanapiga kelele kwamba kitu chochote kinachofunguka kitafunguliwa na mlinzi kwa hongo ya soda, afadhali tuache mambo yote, na nilipowaona wanaanza kuinuka kwenda zao nikasoma aya ya kwanza, nikasoma ya pili, nikaruka ya tatu, nikasoma sahihi. Watu wakapiga makofi. Nilijiambia nitaileta baadaye watu wakitulia, lakini wiki ikapita, na nyingine, nikanyamaza.

Nguzo zote tatu alizijenga Dalmas, kwa kujitolea, kwa ajili ya mtoto wake. Alichimba siku mbili. Nilimpelekea uji akaniambia akicheka, "Mama Norman, hizi hata trela halizing'oi," na mimi nikacheka naye, Shangazi, nikiwa najua kilichoandikwa.

Jumapili moja ya Mei, mchana baada ya ibada, pumu ilimkamata vibaya. Haron, jirani mwenye simu, aliita ambulensi, nayo ilikuja upesi kutoka barabara kubwa, ikafika kwenye nguzo, ikashindwa kupita, dereva asiyejua mtaa wetu akageuza kutafuta njia ya nyuma ambayo wakati wa mvua ni matope matupu, akakwama. Sisi tulikuwa nyumbani tunangoja, hatukujua kwamba ilikuwa imesimama mita mia nne kutoka mlangoni na hewa ya oksijeni ndani yake. Haron alipokwenda kuangalia na kurudi mbio na habari, Dalmas alikuwa amekata roho kwenye mapaja ya mke wake.

Tuliporudi kutoka mazishi huko kwao Ugenya, Philister alichukua jembe akaenda kuipiga nguzo ya katikati mpaka mpini ukavunjika. Nilimshika mabega. Akaniambia, "Mama Norman, huyo Mwololo alikunywa chai yangu. Mtu amesoma mpaka yunivasiti, alikosaje kufikiria ambulensi? Niandikie barua, wewe ndiye unajua kuandika." Nilimwonyesha Mzee Ndungu ile aya, naye akaniambia, "Ficha hiyo karatasi. City Hall wametukanwa na Nairobi nzima, hawawezi kufa kwa tusi moja zaidi." Shangazi, kalamu ninashika, mkono unakataa. Nikisema nitampoteza Philister, na labda mtaa wote. Nisiposema, mtu atapoteza kazi kwa kutuonya. Nifanye nini?

Wangu, Satellite

SHANGAZI ANAJIBU

Wangu mwanangu, gazeti hili hutoka Jumapili, na kama ningengoja kukujibu hapa, hiyo Jumamosi yako ingekuwa imepita. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ya Jumatano, na sasa nachapisha maneno yale yale kwa ruhusa yako, majina na yote, kwa kuwa mtaa mzima sasa unajua.

Pole sana. Wewe pia umefiwa, ingawa hukuthubutu kulia mbele za watu kama jirani. Lakini nilikuambia na narudia: uliogopa kelele za ukumbi kuliko ulivyoogopa moto na maradhi. Katibu si mtu wa kuwachagulia watu watakachosikia. Wangeisikia ile aya wangegombana, ndiyo, labda nguzo zingechelewa miezi sita. Wangegombana wakijua. Dalmas angejua. Fundi yule angeijenga ile ya chuma kwa furaha ile ile. Hilo utaishi nalo, na mimi sina dawa ya kukuondolea.

Na huyo Mzee Ndungu, salamu zake nitampa mwenyewe. Mzee, Mwololo ana watoto wanaomngoja jioni kama wewe. Mtu akituonya, kisha tukamzika kwa sababu anafanya kazi City Hall, nani mwingine atavaa buti kuja kupima barabara yetu?

Nilikuagiza usingoje kikao. Mjane asisikie habari ya mumewe katikati ya umati. Nilikuambia mwambie mume wako kwanza, kisha nenda kwa Philister mchana, na barua yenyewe mkononi, umsomee aya ya tatu, umwambie, "Niliijua, nikairuka," kisha unyamaze. Usilie kwa sauti kumzidi. Usimwombe msamaha siku hiyo, maana utakuwa umempa kazi ya kukubembeleza.

Ulinipigia baada ya kikao. Uliniambia kwamba Philister alikusikiliza akiwa amesimama, akakuambia, "Soma tena," ukasoma tena, akaichukua ile barua akasema, "Sasa toka kwangu." Uliniambia kwamba Jumamosi uliisoma mbele ya wote, watu wengine wakakutukana, Bwana Mwololo akainamisha kichwa, na kelele zilipotulia mtu wa kwanza kuzungumza alikuwa Philister. Alisema nguzo zibaki kwa sababu ya watoto, ya katikati ikatwe Jumatatu na iwekwe ya chuma, na ufunguo mmoja ukae nyumbani kwake. Kisha akatoka bila kukuangalia.

Sasa sikia. Ukatibu umeuacha, vizuri. Kabidhi faili zote kwa Haron, karatasi kwa karatasi, na umpigie Bwana Mwololo chapa barua ya kumwomba radhi, nakala kwa mkubwa wake. Ivyne akikutana na Norman njiani, waache waongee, usimtumie mtoto ujumbe wowote. Kwa Philister usibishe hodi wiki hii wala mwezi huu, ila mvua ikimkuta na nguo kwenye kamba, zianue uziweke barazani pake, urudi kwako.

Umeniambia pia kwamba mume wako ameanza kutafuta nyumba upande wa Kikuyu, ili mpumzike na macho ya watu. Mwambie aache. Ipo siku Philister atataka kukuuliza jambo, au kukufokea mpaka sauti imkauke, na siku hiyo akugongee akukute. Msihame.